Mkono Uliokua Ndani ya Kizibo

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi iweke chini kidogo. Au endelea nayo, ila masikio nipe mimi. Leo tunamkumbuka Fundi Vumbi, mtengeneza mipini ya fimbo za kuvulia samaki. Tumemzika wiki iliyopita.

Jina la Vumbi alipewa na majirani. Alikuwa akitoka chumba chake cha kazi nyusi zimejaa vumbi la vizibo, kope zimejaa, masikio ndiyo usiseme. Mkewe alimzuia mlangoni kila siku: "Jikung'ute kwanza! Hii nyumba, si stoo." Naye alijikung'uta kidogo tu, kumridhisha, akapita.

Niwaeleze kazi yenyewe. Vile vizibo vyepesi vya chupa, vya gome la mti, alivipata hotelini kwa gunia. Alikata vipande, akatoboa kila kipande katikati kwa keekee ya mkono, akavitunga kwenye chuma chembamba. Gundi katikati, nati huku na huku, anakaza. Ikikauka, vimekuwa kitu kimoja. Hapo alikaa kwenye kigoda, akaweka ule mti wa vizibo pajani, akashika tupa. Mwisho ni msasa. Mashine hakuwa nayo, na ukimshauri anunue alikuangalia kama umemtukana.

Sasa hapa ndipo alipotofautiana na mafundi wengine. Kabla ya kugusa tupa, alikwambia: "Nipe mkono." Anaushika kama mnasalimiana, halafu hauachii. Anafumba macho. Unasubiri mpaka unaona haya. Kipimo chake kilikuwa hicho tu. Kisha anachonga, na ukija kuuchukua mpini, vidole vinaingia mahali pake vyenyewe. Kijana mmoja alikuja kuposa kwake, akaombwa mkono vilevile. Fundi akafumbua macho akasema, "Huyu hajawahi kufua hata soksi." Binti yake, ambaye leo ni mshonaji, anacheka mpaka machozi akikumbuka. "Na kweli alikuwa hajawahi," ananiambia. "Nilimkataa."

Wasikilizaji wapendwa, fundi huyu alikuwa na watoto wawili. Binti, huyo mshonaji. Na wa kiume, kaka yake mkubwa, ambaye ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinachomoza alipotoka nyumbani mchana mmoja kwenda kuvua bwawani. Hakurudi. Fimbo yake ilikutwa imesimama ukingoni, imechomekwa kwenye tope, mshipi uko majini, na chambo kwenye ndoana hakijaguswa. Wapiga mbizi walitafuta. Walitoka na kiatu kimoja, tena cha mtu mwingine.

Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Mtoto wa kiume wa Fundi Vumbi alipotelea bwawani, na mwili haukuonekana.

Mama yake alitaka kumlilia mwanawe. Alitaka watu waje, wakae, walie pamoja naye, moyo upoe. Mumewe akakataa katakata. "Humlilii mtu ambaye mkono wake bado nausikia," alimwambia. Akaingia chumba cha kazi, akafumba macho, akamchongea mwanawe mpini.

Mwaka uliofuata akachonga mwingine. Ulikuwa mnene zaidi.

Na uliofuata. Na uliofuata. Mipini hiyo nimeiona mwenyewe, wasikilizaji, imetundikwa ukutani kwa mstari. Wa kwanza ni wa kijana mwembamba. Baadaye unatanuka, vidole vinaachana, kiganja kinakuwa cha mtu mzima anayefanya kazi ngumu. Binti anasema kuna siku alimkuta baba anachimba kijishimo pembeni, pale kinapokaa kidole cha shahada.

"Baba, hapo unafanya nini?"

"Kaka yako amejikata."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Tupa ikifika hapo inazama yenyewe."

Binti alitoka akaenda kukaa uani, kwenye jua. Anasema alihisi baridi.

Kuna jambo jingine. Kizibo, jamani, kinashika jasho. Ukivua na mpini kwa muda, unaingia weusi pale vidole vinapokaa. Mipini ile ya ukutani haijawahi kutoka chumbani. Haijafungwa hata kwenye fimbo. Lakini ina weusi huo. Mama alikuwa akiisugua kwa msasa mumewe akiwa sokoni, na weusi unarudi. Muuza nyama wa jirani alidhani inauzwa, akashika mmoja, akauachia hapohapo. "Huu una mwenyewe," alisema. Tangu siku ile nyama aliwapelekea nyumbani, ila ndani haingii.

Mimi nikasema huyo ni mwoga tu. Juzi nikashika mmoja. Nawaambieni ukweli, sikuupenda. Nilihisi nimeweka vidole juu ya vidole vya mtu. Nikaurudisha ukutani taratibu, na nikajikuta nasema samahani. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Basi, tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, miezi michache iliyopita. Fundi alianza mpini wa mwaka huu. Mkewe alikuwa anachambua mchele barazani, anaisikia tupa: kwaru, kwaru. Ikanyamaza. Mzee akatoka, vumbi lote mwilini, hakujikung'uta. Akasimama mbele yake.

"Mama watoto," akasema. "Nimeutafuta mkono wake, haupo. Mlilie mwanao."

Ungo ulimtoka mama mikononi. Alilia, wasikilizaji. Kilio alichonyimwa miaka yote kilitoka siku ile. Majirani walijaa, msiba ukawekwa, watu wakakaa. Nguo za kijana, zile ambazo mama alikuwa akizifua na kuzianika kila mara zisinuke, akazigawa zote. Akaniambia, "Nilichoka, lakini nililala. Kwa mara ya kwanza nililala."

Halafu mzee akaanguka. Alikuwa anafunga kifungo cha shati, akaanguka. Pale zahanati muuguzi akamshika mkono wa kulia, akauchoma kwa sindano. Mzee hakushtuka. Muuguzi akamgeukia mama: "Mkono huu umekufa ganzi tangu lini?"

Mama akatazamana na binti. Binti akakumbuka birika la moto, baba alilibeba bila kitambaa na wala hakusema aah. Akakumbuka pia seremala, mteja wa mwisho, aliyekabidhiwa mpini uliopinda kama muhogo, akashukuru kwa aibu akaondoka nao. Mambo hayo yote yalitangulia ile asubuhi ya tupa kunyamaza.

Mmenielewa? Narudia. Siku fundi aliposema mkono wa mwanawe haupo, mkono wake mwenyewe ulikuwa hausikii kitu. Hausikii moto. Hausikii tupa. Mwenyewe hakujua. Na mpaka anaaga dunia hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Nilipomuuliza mama anajisikiaje, alinikazia macho mpaka nikatazama chini. "Mwanangu," akasema, "nilimlilia nani?"

Mimi, mwenye mdomo huu wote, nikaomba maji ya kunywa.

Wasikilizaji wapendwa, leo ukikaa na watu wako, fikiri kidogo. Wapo tuliowaambia "basi, yamekwisha, lia upoe," na sisi wenyewe hatukuwa na hakika. Tusiwaharakishe watu.

Nilipokuwa naaga, mama alinisindikiza mpaka getini. Akanishika mkono wa shati. "Huko redioni kwenu, usije ukatangaza misiba miwili. Baba yao amefariki, hilo nimeliona kwa macho yangu. Tangaza hilo. Huyo mwingine usimweke na marehemu."

Nimesikia, mama.

Kwa hiyo, kwa niaba ya kituo hiki na wote wanaotusikiliza: kwa mke wa Fundi Vumbi, kwa binti yake, na kwa mwanawe wa kiume popote alipo, poleni kwa kufiwa na baba.