Mwalimu Adelgunda na Haki ya Kufungwa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kiswahili, Mwalimu Adelgunda Kokubanza anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Ofisi ya walimu itapoa, na sisi tunaochanganya ngeli tutapumua kidogo.

Mwalimu alizaliwa Chonyonyo, Karagwe, na haoni tangu utotoni. Alifika shuleni kwetu hapa Nkwenda na mkoba wa vitabu vya nukta nundu, na baadhi ya aliowafundisha leo ni walimu wenzake.

Lakini ukitaka kumjua, mfuate uwanjani. Mwanzoni, siku za mechi, tulimwachia redio ofisini tukidhani tumemtendea wema. Akakataa katakata. Redio ilimpa mpira wa Dar es Salaam. Yeye alitaka wa hapa: kishindo cha miguu, harufu ya nyasi zilizokanyagwa, wachezaji wakigombana kwa Kinyambo, na bega la jirani linaloruka kabla mdomo haujasema. Akawekewa kiti pembeni mwa uwanja, na mtu wa kumsimulia. Msimulizi hulipwa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye mkoba wake.

Kila Julai walimu wetu hucheza na walimu wa Kimuli. Miaka kadhaa iliyopita msimulizi alikuwa Mwalimu Winston wa hisabati. Kwetu hapa mkubwa hapewi habari mbaya kavukavu, na Winston amelelewa vizuri mno. Tulifungwa matatu kwa bila. Kwa hesabu za Winston, tulitoka sare ya bila kufungana. Shangwe za wageni, alimwambia, zilikuwa za kujipa moyo tu. Mechi ilipoisha, Mwalimu akaomba apelekwe kwa kipa wetu, Jovin, akamshika mkono na kumpongeza kwa kutoruhusu hata bao moja. Jovin akaangua kilio.

Tulicheka baadaye, si siku ile. Siku ile mama yetu aliumia, akatuambia maneno tunayoyarudia mpaka leo: “Wanangu, ushindi mnanigawia, kufungwa mnakula peke yenu. Mimi si mgeni hapa. Nipeni na langu.”

Tangu hapo hakuna anayempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Winston, ambaye hajavuliwa cheo, hutangaza bao la kufungwa kwa sauti ya msiba, naye Mwalimu hushika kichwa, hulaumu mabeki na kutafuna kahawa kwa hasira. Sijaona mtu anayejua kufungwa kwa raha kama yeye.

Sasa anarudi Chonyonyo kwenye migomba yake. Hofu yake, alimwambia Winston juzi, ni kwamba mstaafu huletewa habari nzuri tu.

Mwalimu, ondoa shaka. Julai hii gari la shule litakufuata, na kiti chako hakikaliwi na mtu. Asante kwa darasa, asante kwa uwanja. Tunakutakia afya njema, mavuno mazuri na majirani wenye kelele. Na ukishindwa kuja, tukafungwa, tutakupigia simu filimbi ya mwisho ikilia, na tutakwambia ni ngapi.