Mashavu ya Phulo: Wasifu wa Marehemu Salomi Toppo (1978–2025)

Marehemu Salomi alizaliwa tarehe 14 Februari 1978 kijijini Baridih, wilaya ya Gumla, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yakob Lakra na Mama Eliswa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la kumi, akahitimu mwaka 1994. Alitamani uuguzi, lakini nafasi ikaenda kwa mtoto wa mkubwa mmoja wa serikali.

Tarehe 6 Mei 1999 alifunga ndoa na Bwana Boas Toppo, fundi mwashi. Boas ameshiriki kujenga ofisi tatu za serikali. Mkewe hakujengewa hata chumba kimoja cha kazi.

Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa mlezi wa anganwadi, kituo cha serikali cha watoto wasiofikia miaka sita. Kwa miaka ishirini na miwili kituo hicho kilikuwa kibaraza cha nyumba yake. Jiwe la msingi la jengo liliwekwa mwaka 2011, wageni wakavishwa maua na kupigiwa ngoma. Leo wanawake huanikia maua ya mti wa mahua juu ya jiwe hilo. Salomi alipika, alipima watoto, aliwaimbisha, aliwapeleka chanjo. Sheria ikaendelea kumwita mtu wa kujitolea, na inatukera kulisoma neno hilo mbele ya jeneza lake.

Mwaka jana alimpokea Phulo, mjukuu wa jirani, mwenye miaka mitatu na kilo nane. Alimlisha wali wa dengu kijiko kwa kijiko hadi mtoto akaanza kudai chakula kwa kupiga sahani. Mwezi Juni mwaka huu ikaja amri kwamba kila mtoto alinganishwe uso na picha yake ya siku ya kuandikishwa, iliyo kwenye simu, kabla ya kupewa mgao. Simu ikamkataa Phulo, na jina lake likafutwa. Afisa alipokuja kukagua, alitazama picha, akamtazama mtoto.

"Dada Salomi, huyu siye."

"Ndiye, bwana. Ila sasa anakula."

"Basi mwambie avute mashavu ndani, tumpige picha tena."

"Mimi simfundishi mtoto kufanana na njaa. Badilisheni picha."

Alijibiwa kwa barua ya onyo. Hakumpunguzia Phulo hata kijiko.

Tangu hapo alipanda kilima kila siku kutafuta mtandao, atume picha mpya. Mvua za Agosti zilimkuta huko. Alipougua malaria aliomba likizo, akaambiwa wa kujitolea hawana likizo. Akapanda tena na homa yake. Alifariki hospitalini Gumla tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Tunasema wazi: malaria ilimkuta amekwisha kuchoshwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, Anjela na Rebeka, mama mzazi, na mdogo wake Elisaba anayewasomea haya. Ameacha pia watoto thelathini na mmoja wa kibarazani. Kwenye orodha ya serikali wako thelathini.

Kesho asubuhi Elisaba atabandika chungu palepale. Phulo atakaa mbele na sahani yake, na afisa anakaribishwa aje na simu.

Pumzika, dada yetu, usipande tena kilima. Huko uendako unajulikana kwa sura.