Mama Shingo na Binti Aliyewaonea Wivu Wagonjwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka daktari wa watoto tuliyemzika wiki iliyopita. Wazazi walimwita Mama Shingo. Ndiyo, Mama Shingo, naye aliitika huku akicheka.

Aliwahudumia watoto wenye sindromu ya Down. Kwa baadhi yao, mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo hulegea. Ikiteleza, hubana neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, na mtoto aweza kupooza. Eksirei peke yake haitoshi kuonyesha hatari hiyo. Narudia: haitoshi. Kwa hiyo Mama Shingo alimtazama mtoto akitembea, akipanda ngazi, akifunga vifungo vya shati. Kisha alimgeukia mzazi: "Ameanza kuyumba? Amerudia kujikojolea? Shingo inamuuma?"

Binti yake wa pekee hakunificha kitu. "Niliwaonea wivu, ndugu mtangazaji. Mama alijua kila mtoto anavyoshika kijiko. Mimi nikinyoa nywele zote, anakuja kuona Jumapili!"

Aliyemchoma binti zaidi ni mgonjwa mmoja mtoto, jina la utani Bingwa, mpenda sarakasi. Siku ya mahafali ya binti, simu ya daktari iliita ukumbini. Alikuwa mama yake Bingwa. "Daktari, tangu asubuhi anaburuta mguu. Kikombe kinamponyoka."

"Mlaze chali. Shingo isigeuzwe, mtu asimkande. Ita gari la wagonjwa, nakuja."

Jina la binti liliposomwa, kiti cha mama kilikuwa kitupu.

"Unajua nilitamani nini?" binti aliniuliza. "Nami niteguke shingo. Labda ningepata zamu yangu."

Bingwa alifanyiwa upasuaji, mifupa ile ikaunganishwa. Alitembea tena. Kuanzia hapo kila akija kliniki alipaza sauti: "Mama yangu!" Siku moja binti akamkata kauli: "Huyu ni mama yangu mimi." Bingwa akamjibu, "Na wangu." Binti, mtu mzima na akili zake, alinuna siku nzima.

Mwaka huu mama aliugua. Akiwa kitandani, alimshika binti mkono. "Siku ile ya mahafali, hata leo ningeondoka. Ila ningekuaga, mwanangu. Kutokukuaga ndiko kunakoniuma."

Binti alilia. Wivu haukuisha.

Makaburini, Bingwa, sasa kijana mwenye ndevu, alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya familia. Shangazi mtu akataka kumwondoa. "Wivu ulinipanda palepale," binti anasema. "Hata msibani! Lakini nikasogea. Nikamwambia, kaa hapa, tumzike mama."

Kwa binti, kwa shangazi, na kwako Bingwa: poleni sana. Wazazi, mtoto akibadilika mwendo, msingoje kesho. Na wewe unayewahi kuokoa watoto wa wenzio, nenda, kazi ni njema. Lakini wa kwako, umemuaga?