Bwana Rafu na Dawa za Ukoo Mmoja

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Rafu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa baba fundi viatu na mama muuza mkaa. Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha mbao, akamaliza sekondari, kisha akapata cheti cha utunzaji wa dawa. Tangu utotoni hakuvumilia vitu kuchanganyika. Hata mkaa wa mama aliupanga, mkubwa huku, chenga kule. Wateja wakabeba mkubwa wote, mama akabaki anazitazama chenga.

Mwaka 1989 aliajiriwa stoo ya hospitali, akakabidhiwa dawa za tumbo na za namna mwili unavyotumia chakula. Alizipanga kwenye rafu kwa kufuata orodha ya serikali: za kinywa juu kabisa, chini yake za kiungulia, za kutapika, za ini, za choo kigumu, za kuharisha, halafu za sukari na vitamini. Wauguzi walisema pale unachukua dawa umefumba macho. Jina alilipatia huko.

Alimuoa mshonaji mwaka 1994. Bibi harusi alipokuta vijiko vyake vimepangwa kwa urefu, alisema, "Kumbe nimeolewa na droo!"

Mwaka 2011 marehemu alileta kazi nyumbani kwa wazazi. Mama, mgonjwa wa sukari, aliweka vidonge vyake kwenye kopo chumbani. Mwanawe alivitoa, akaviweka kabati la sebuleni, rafu moja na dawa za kiungulia za baba.

"Mama, hizi ni ukoo mmoja. Orodha ndivyo inavyosema."

"Ukoo wa nani? Nirudishie kopo langu."

"Nimeandika kila kitu, mama."

"Humu ndani nani anasoma, wewe ukishaondoka?"

Alicheka, akaondoka. Jumamosi, tarehe 17 Septemba, kiungulia kilimkaba baba hata hajala. Akameza vidonge viwili kutoka rafu ya tumbo. Hakikutulia, akaongeza viwili. Vilikuwa vya mama, vya kushusha sukari. Mama alirudi kutoka sokoni akamkuta kitini, jasho linamtiririka, haitiki. Tulimzika Jumanne.

Wapo walioomba hili lisisomwe. Limesomwa, maana mnalinong'ona tangu jana.

Marehemu aliomba kazini dawa za sukari zipewe rafu ya peke yake. Akajibiwa orodha ni orodha. Kopo alilirudisha kwa mikono miwili. Mama alilipokea. Alimpikia, alimkaribisha, ila hakumeza tena dawa iliyopita mkononi mwake.

Novemba 2023 ini lilimwangusha. Aliyemuuguza ni mama huyo huyo. Kila kidonge alimpa yeye.

"Mama, bado tu unalo moyoni?"

"Fungua mdomo, umeze."

Alifariki tarehe 2 Juni 2024, mama akiwa amemshika kichwa. Tangu hapo majirani wanamsihi aseme amesamehe, ili mwanawe aende mwepesi. Amewajibu, "Nimemzaa, nimemuuguza, leo namzika. Hilo lingine niachieni."

Basi aachiwe.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, na dada yake anayewasomea haya. Mungu ampumzishe. Na mama naye, angali hai, apate kupumzika.