Alipokufa Ndipo Akawa Murundi

Amahoro, wamama zangu, na ninyi wababa muliokaa huko nyuma karibu na mulango kama watu wanaotaka kutoroka. Kaeni. Nimeombwa niseme mbele yenu, na munanijua, mudomo wangu umezoea soko. Lakini leo nitasema polepole. Majina sitataja. Wengine wako hai, tunasalimiana.

Mimi ni Murundikazi, mutoto wa hapa hapa Rumonge. Babu wa bwana yangu alitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, zamani za Wabelgiji, akaja kufanya kazi ya mawese. Akaoa huku, akazaa huku. Baba mukwe wangu alizaliwa Gatete, kijiji kile cha mulimani, na bwana yangu naye akazaliwa Gatete. Alikuwa na karangamuntu, kitambulisho cha Burundi, kama mutu yeyote. Tuliishi pale Gatete na watoto na mama yake, na nyumbani tuliongea Kiswahili.

Vita vilipoanza, bwana yangu alikuwa anauza ndagala, vile visamaki vya ziwa, Bujumbura. Barabara ile munaijua. Pale Gitaza kulikuwa na bariyeri ya kufunga njia. Askari wanateremusha watu, wanauliza: wewe wa wapi? Ukisema Gatete, wanasema Gatete ni kwa waasi, kaa kando. Waliokaa kando… tuache. Siku moja zamu ikamufikia, na kwa woga wake akasema, Kiswahili cha ng'ambo kabisa: "Mimi Mukongomani, afande. Niko mupita njia tu." Wakacheka, wakamuambia apite. Alifika nyumbani, akanikumbatia mbele ya watoto, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Toka siku ile karangamuntu aliiacha nyumbani, kwa sababu iliandikwa Gatete. Majirani wetu wa Kiswahili wote walifanya vile. Asubuhi mutu ni Murundi, akifika bariyeri ni Mukongomani, jioni ni Murundi tena. Tulicheka! Nilimutania: "Leo nampikia Mukongomani ao Murundi?" Ananijibu: "Pikia mwenye njaa." Ndugu zangu, nawaambia, kicheko kile mpaka leo kinaniuma.

Kisha nyumba yetu ikachomwa. Nani alichoma, sijui. Kila upande ulisema ni upande ule mwingine. Tulitoka na nguo za mwilini, karangamuntu ikaunguliamo. Tukahamia huku mujini.

Haikupita muda, tukasikia amri: wageni wasio na karatasi warudi kwao. Wakamukamata sokoni. Akalia kwa Kirundi safi, "Ndi Umurundi!" Mimi ni Murundi! Askari mumoja akamutazama vizuri, akasema: "Huyu? Huyu ni Mukongomani. Aliniambia mwenyewe pale Gitaza, tena si mara moja." Yule askari hakusema uongo. Hilo ndilo linaniua. Wakamupakia mu boti na wengine. Nilikimbia mpaka majini, mutoto mugongoni, namuita. Akainua mukono. Sikumuona tena.

Nikaenda ku komini, ofisi ya serikali. Mwalimu wa katekisimu alikuwa amenifundisha: Katiba inasema hakuna Murundi anayeweza kufukuzwa mu inchi yake. Maneno yale niliyasema yote nimesimama wima, sikukosea hata moja. Bwana wa ofisi alinisikiliza kwa heshima, sitamusingizia. Akasema: "Ni kweli, mama, iko mu Katiba. Lakini inasema Murundi. Sasa nani anajua kama bwana yako ni Murundi? Niletee watu watatu wa mulima wake." Nikamuambia mimi namujua, nimezaa naye. Akasema muke hawezi kuwa shahidi wa bwana yake. Nikauliza, na watoto? Mama yao si Murundikazi? Akainamisha kichwa: "Watoto wanafuata baba." Yaani na wao boti ilikuwa inawangoja!

Nikapanda Gatete. Yoo! Mulima muzima ulimujua, na hakuna aliyemujua. Jirani mumoja, mutu aliyekua pamoja na bwana yangu toka utoto, mutu aliyekula ndagala zetu bila kulipa, alinisimamisha mulangoni, hakunikaribisha. Akaangalia chini. "Mama, nikisema namujua mutu wa Gatete, kesho wataniuliza kama na waasi nawajua." Sikumulaumu sana. Njiani nilimulaani, lakini kumulaumu, hapana.

Nikiwa bado nahangaika hivyo, wavuvi wakaleta habari. Bwana yangu amekufa ng'ambo, kwa kipindupindu. Na kule, munajua walimuita nani? Walimuita Murundi. Alizikwa na watu wasiomujua. Nililia kama mutu asiye na Mungu. Msinihukumu, nilimuambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudilia hapa.

Sasa sikilizeni. Kwetu munajua kilio kinafungwa siku ya kuganduka. Maiti hatukuwa nayo, nyumba hatukuwa nayo. Mama mukwe wangu akasema: "Tutagandukia Gatete, pale pale palipoungua." Watu wakasema huyu mama uchungu umemuharibu akili. Kumbe yeye alijua watu wake. Jirani anaweza kukataa ofisi, lakini kuganduka hawezi. Ukikosa mu kilio cha mwenzako, nani atakuja mu chako? Wakaja, wanawake na mitungi ya pombe ya ndizi kichwani, wanaume nyuma yao. Na chefu wa mulima akaja, kwa sababu chefu naye ni jirani.

Desturi, mutu wa mulima anasimama, anasema marehemu alikuwa nani na ameacha nani. Hakuna aliyesimama. Mama mukwe akashika mutungi wake: "Kama hakuna anayemujua mwanangu, niambieni, niimwage pombe hii nirudi."

Ndipo akasimama yule jirani aliyenifungia mulango. "Namujua," akasema. "Ni mwana wa hapa. Baba yake alizaliwa hapa, yeye alizaliwa hapa, tumechunga mbuzi pamoja. Nilimukana mbele ya muke wake kwa sababu ya woga. Na leo bado naogopa. Lakini ni wetu, na hawa watoto ni wetu." Akasimama mwingine. Kisha wamama, wengi. Chefu anasikia, na kila mutu anaona kwamba amesikia.

Watatu kati yao, na yule jirani akiwamo, wakaenda na mimi ku komini. Wakaulizwa, wakajibu bila kusitasita. Watoto wangu wakaandikwa Barundi, kwa sababu baba yao ni Murundi. Bwana wa ofisi alifurahi kabisa, akaniuliza: "Na yeye mwenyewe yuko wapi, aje achukue yake?" Jirani yule ndiye aliyemujibu.

Namushukuru mama mukwe wangu, Mungu amupumuzishe. Mwalimu wa katekisimu, murakoze. Ninyi wamama muliolisha watoto wangu nikiwa nazunguka, murakoze cane. Na yule jirani, naye namushukuru. Ilinichukua miaka kulisema hilo.

Somo langu ni dogo. Fundisheni watoto Katiba, waijue kama wanavyojua sala. Lakini Katiba haina macho. Inasema Murundi, kisha inangoja mutu anyooshe kidole aseme, huyu hapa, namujua. Mwenzako akiulizwa ni wa wapi, usingoje mupaka umubebee pombe ya kilio. Useme angali anasikia. Yale maneno ya Gatete yalisemwa vizuri, kila mutu alilia. Mwenyewe aliyeyataka hakuyasikia.