Mzee Lifasi Nchindo, Aliyerudi Kisiwani Namalwa

Marehemu Mzee Lifasi Nchindo alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 hapa hapa kisiwani Namalwa, mto Zambezi, mtoto wa tatu wa Mzee Nchindo na Mama Masiye. Wazazi wake wamelala kwenye mwinuko huu, mahali pekee pasipofunikwa na mafuriko.

Alisoma shule ya misheni ng'ambo ya mto hadi darasa la nne. Mwaka 1968 ikatoka amri kwamba kisiwa ni cha tembo na nyati, watu wahame. Wakahama kwa mitumbwi, ng'ombe wakiogelea nyuma.

Mwaka 1985 aliajiriwa na kambi ya watalii kuendesha boti. Aliwaleta wageni kutazama viboko, mamba, na tembo wakivuka na watoto wao. Wanyama hakuwachoka hata siku moja. Binadamu ndio waliomtia kinyaa. Kambi ilijenga vyoo vya wageni kwenye mwinuko huu huu, karibu na makaburi, na kila mto ulipojaa mashimo ya vyoo yalifurika, uchafu ukatiririka juu ya kaburi la mama yake. Tusipambe maneno kwa sababu ya msiba: yalikuwa mavi. Alipolalamika kwa meneja, Bwana Rolf, aliambiwa yale si makaburi, ni vichuguu. Ptuu!

Alimuoa Bi Sibeso Kamwi mwaka 1974. Walipendana sana, ila kambare waliwagombanisha. Bi Sibeso akipakua, marehemu huuliza, "Huyu kavuliwa juu ya choo au chini ya choo?"

"Kula, baba Mubita! Kavuliwa Zambezi."

"Choo nacho kiko Zambezi, mama." Basi anakula ugali na maziwa mgando, kambare anabaki.

Mwaka jana alipatikana na ugonjwa wa ini. Alilazwa hospitali ya Katima Mulilo, na mwezi Februari akaomba jambo moja tu: afie Namalwa, azikwe kwa mama yake. Tulimvusha. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2014, alfajiri, tembo wakinywa maji mbele yake.

Saa mbili asubuhi Bwana Rolf akashuka kutoka botini. "Poleni sana. Lakini kesho nina wageni. Maiti itachefua watu, itoeni leo."

Maiti ichefue watu! Mavi hayakuwachefua!

Kwetu, anayeshuka kisiwani huchuchumaa na kupiga makofi ya taratibu, kuwasalimu waliolala. Asiyesalimu huhesabiwa bado yuko majini, na aliye majini hajibiwi. Bwana Rolf, miaka yote hiyo, hakuwahi kusalimu. Bi Sibeso akaendelea kusonga ugali.

"Jamani, hamnisikii?"

"Kuna mtu kafika?" shemeji Sinvula akauliza.

"Mimi sioni mtu," Mubita, mwana wa marehemu, akajibu. "Labda kiboko anakoroma."

Bwana Rolf akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe dereva wake akamnong'oneza. Akachuchumaa, uso mwekundu, akapiga makofi.

"Karibu, baba," Bi Sibeso akasema papo hapo. "Umemsalimu aliyelala, sasa wewe ni mfiwa. Mfiwa kwetu hafukuzi maiti, anachimba." Akampa jembe. Wazee walimtazama, naye akawatazama, kisha akavua kofia. Kaburi hili mnaloliona, kona ile iliyopinda ni kazi yake. Leo yupo, amekaa nyuma pale, na ameshika pua. Wala si kwa sababu ya marehemu.

Mzee Lifasi ameacha mjane, Bi Sibeso. Watoto wanne, Mubita, Namasiku, Likando na Ntelamo. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada mmoja, ambaye ndiye ninayewasomea haya.

Alihamishwa Namalwa akiwa kijana, hatahamishwa tena. Kaka, pumzika kwa amani karibu na mama. Kitakachohama ni choo.