Nyumba ya Musonoi Yenye Nilipaka Chokaa

Bwana apewe sifa! Na bale banasinzia kule nyuma, nabo bamusifu, juu ushuhuda yangu haitakawia: inaanza leo, itaisha leo.

Ndugu zangu, munaniona hapa Kasaji nimenona kama gunia ya mihogo, munafikiri nilizaliwa na furaha. Hapana! Mi nilikuwa mutumwa. Si mutumwa wa pombe. Nilikuwa mutumwa wa kushuku batu. Mutu akiniambia "jambo", ninajiuliza: jambo ya nini? Anatafuta nini kwangu? Jicho yangu moya ilikuwa inachunguza ile ingine!

Tulikuwa tunakaa Musonoi, pembeni ya karieri, kule banachimba shaba. Nyumba ilikuwa yangu, si ya kampuni. Nilijenga na mikono hii, na matofari ya kuchoma. Lakini vumbi! Vumbi ya Musonoi, ukifungua kinywa useme "aleluya", unameza nusu kilo. Bibi yangu, Mama Ngalula, kifua ikamukamata. Alikohoa mpaka kuku ya jirani ikaacha kutaga. Munganga akatuambia wazi: "Mumutoshe huyu mama mu vumbi mbele mvua ianze, ao mutamuzika." Kaka yake alikuwa hapa Kasaji, alitupatia fasi ya kulima. Lakini tutafika na nini? Hatukuwa na kitu ingine, ni nyumba tu. Basi nyumba iuzishwe.

Nikaanza kuitengeneza. Sasa musikie: ku karieri, kila muchana sirene inalia, kisha banalipusha mawe. Buuu! Inchi inaruka, kuta inapasuka. Mu salon yangu kulikuwa ufa, unaweza kupitisha mukono usalimie jirani. Nikaiziba na udongo, nikapaka chokaa. Nilipaka chokaa mingi sana, ndege bakipita yulu banafumba macho! Nikachimba choo mupya. Nikapanda maua pa mulango. Nikaazima biti bizuri ya kukalisha bageni. Nikasema: banunuzi batapigana pa mulango, nitaita polisi!

Munua wa kwanza akakuya. Akaangalia chokaa, akaniangalia mi. "Sitwayen, hii chokaa ni ya jana. Munaficha nini?" Akaenda. Wa pili akaona choo mupya. "Na mu ile ya zamani, mulizika nani?" Akaenda. Wa tatu, mama moya munene, akaona maua. "Maua hii ni ya kaburi." Hata kizingiti hakuvuka!

Mi nami nikashuku. Jirani yetu, Mama Kapinga, alikuwa anasimamisha kila munua pa njia, banaongea. Nikasema: njo yeye! Anabaambia nyumba iko na bulozi. Nikaacha kumusalimia. Nikazunguka nyumba mara saba ninatafuta dawa yenye alizika. Nikachimbua kijiko. Nikaichoma moto na maombi ya nguvu. Kumbe ilikuwa kijiko yetu!

Ndugu zangu, munajua niliomba nini? "Mungu wangu, munua anayekuya, umufunge macho." Ile ni maombi? Mi mutu ya kanisa, ninamuomba Mungu anisaidie kudanganya!

Akakuya Tata Ramazani, muislamu wa kule Kasongo, mwenye lori ya kubeba samaki ya kukauka. Banunuzi bote nilikuwa ninabaita asubuhi, sirene ikilia bashaenda. Lakini huyu tata alikuwa polepole kuliko kinyonga ya mugonjwa. Anagusa ukuta, anagonga na kidole, ananusa. Bibi akamuletea munkoyo. Munajua desturi: mwenye kutoa kinywaji anakunywa wa kwanza, mugeni aone haina sumu. Nikakunywa. Tata Ramazani akaniangalia. "Ongeza." Nikaongeza. "Bado kidogo." Nikamaliza kikombe! Akaomba ingine.

Na jua inapanda. Nikamuambia: "Tata, si uende? Mvua inakuya." Mwezi wa saba, ndugu zangu! Mbingu nyeupe kama sahani! Akaangalia yulu, akaniangalia, akakaa kwa kiti. "Basi nitaingoja. Mvua ya mwezi wa saba siyaionaka tangu nizaliwe."

Sirene ikalia.

Buuu! Chokaa yote ya salon ikaanguka mara moya, juu ya kofia ya Tata Ramazani, akawa kama mutu ametoka mu kinu ya unga. Ufa ikafunguka, na mu ufa tukaona jicho ya Mama Kapinga. "Jambo, tata," akasema.

Nikafungua kinywa niseme uongo ingine. Lakini Mama Ngalula, anakohoa mu kiti yake, akanikata: "Baba, acha. Tata, hii ufa iko miaka mingi. Chumba ya nyuma inavuja. Choo ya zamani ilijaa tu, hakuna mutu ndani. Tunauzisha juu kifua yangu inakufa mu vumbi. Njo yote."

Nilitamani nimujaze ile chokaa mu kinywa! Nikasema: kwisha, bibi tutamuzika hapa.

Tata Ramazani akapangusa kofia. "Mi ninauzishaka samaki. Samaki yenye kunuka samaki siogopi. Yenye kunuka sabuni, ile njo ninakimbia." Akageukia ufa. "Mama, nyumba hii iko na bulozi?"

"Bulozi gani!" Mama Kapinga akacheka. "Kenye kuvuja mingi pale ni kichwa ya bwana yake. Kila munua ninamuambia: ni batu bazuri, mama ni mugonjwa, mumusaidie. Lakini banaona hii chokaa, banakimbia."

Ndugu zangu! Ule mama alikuwa ananiuzishia nyumba, na mi ninamuzungukia mara saba!

Na bado nikashuku. Nikasema: huyu tata anatafuta kunishusha bei. Nikashika ile kikombe ya pili nikunywe wa kwanza, vile desturi. Tata Ramazani akanyoosha mukono, akaikamata, akaikunywa yote, bila kuningoja. "Ninanunua. Nitaweka humu depo ya samaki. Ufa, fundi ataiona."

Ile saa njo pepo ilinitoka. Nikalia kama mutoto. Mutu ya dini ingine ameniamini mbele yangu mi kumuamini!

Bwana hakumufunga munua macho. Alifungua ukuta! Asante Yesu! Kama uko hapa unamushuku muchungaji, unamushuku jirani, unanishuku mi (kwa ile ya ndege kufumba macho uko na haki), kuya kwake leo. Yeye anaingiaka mu nyumba vile iko.

Mama Ngalula, simama. Ule mwaka wa vumbi, mbele amalize sala ya Baba Yetu, alikuwa anakaa chini mara tatu juu ya kukohoa. Ngoma inyamaze, na koro ya baimbaji isimusaidie. Mama, toa wimbo, beti yote.